Keziah, Kuanzia Shingoni Kwenda Chini

Kila mgeni anayeingia kununua mkate kwangu huitazama ile picha ya ukutani, iliyotundikwa chini kabisa karibu na pipa la unga, halafu huuliza maswali yale yale. Mbona huyo mwanamke amegeuka? Na mbona mmemtundika chini hivyo, mnamficha nani? Zamani nilikuwa nikijibu. Siku hizi namuuliza kama anataka mkate mweupe au wa shayiri, maana nyuma yake kuna watu na miguu yangu inauma. Lakini Keziah Larter tumemzika Alhamisi, na pale pale kaburini, udongo haujakauka, nikamsikia mke wa kasisi akimnong'oneza mwenzake: maskini, kasimama kwa mchoraji umri wake wote, na hakuachiwa hata picha moja ya kwake mwenyewe. Nilinyamaza kwa heshima ya maiti. Leo sinyamazi.

Keziah alikuwa mpiga pasi. Norwich ni mji wa wafumaji, kila nyumba ina mtu anayejua kitambaa, lakini kuipiga pasi melimeli nyembamba bila kuiunguza ni kipaji, na Keziah alikuwa nacho. Ndui ilimpitia utotoni ikamwachia uso wa matundu matundu, kama mkate uliotobolewa kwa uma kabla ya kuingia tanurini. Hakuwa na habari nayo. Mtu akimkodolea macho alimwambia, "Nyumba njema si mlango, bwana. Pita zako kama huna shida." Na kweli, kuanzia shingoni kwenda chini Mungu alikuwa ametulia alipomuumba. Alikuwa na shingo ndefu, mabega yaliyoshuka taratibu, kiuno cha kutazamwa, na mikono ambayo sabuni na pasi hazikuiharibu, sijui kwa nini. Mumewe alichukuliwa na jeshi akavushwa bahari kwenda kupigana Amerika, na tangu hapo kimya. "Labda huko kapata mwenye uso," alikuwa akisema, kisha anacheka. Nilipokua ndipo nilipotambua kwamba kicheko kile kilikuwa kifupi kuliko vicheko vyake vingine.

Mchoraji aliitwa Bwana Ambrose Pallant, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya kanisa la Mtakatifu Gregori, karibu na tanuri letu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwoga wa wateja wake. Mabibi wa mjini walikuja kwake kuchorwa uso tu. Bibi mwenye mali na mambo yake atasimama wiki nzima kwa ajili ya mikunjo ya gauni? Alikaa kitini akachorwa macho, pua na mdomo, akaenda zake kunywa chai, na gauni likaletwa baadaye ndani ya sanduku. Gauni hilo Bwana Pallant alimvisha mwanasesere wa mti, mkubwa kama mtu, akachora kuanzia hapo. Sasa, mwanasesere yule alikuwa ameliwa na wadudu nyongani. Siku Keziah alipopeleka nguo alizopiga pasi, akamkuta anaanguka na gauni la hariri la watu. Keziah akalidaka gauni, mwanasesere akamwacha aende chini.

"Umenivunjia mtu wangu," akasema Bwana Pallant.

"Nimeokoa gauni la watu. Huyo mtu wako alishakufa zamani, ni vile tu hakuna aliyempelekea habari."

Bwana Pallant akamtazama alivyosimama ameliegemeza lile gauni kifuani, na nadhani ndipo macho yalipomfunguka. Akamwomba alivae. Toka siku hiyo Keziah akawa mwili wa mabibi wa Norwich. Mwanasesere alifungwa kamba akaegemezwa pembeni kwa dharura, naye Keziah akawa anamwita mke mwenza.

"Sisi ni Lea na Raheli," alisema. "Ila yeye chai hapewi."

Ilikuwa miaka ya gauni jeupe la melimeli na mshipi mpana wa hariri kiunoni, uliofungwa fundo kubwa kwa nyuma, ncha zikining'inia. Kila bibi alitaka achorwe hivyo, na asiyekuwa na mshipi wa kufaa aliazimwa wa Bwana Pallant, wa buluu, aliouhifadhi sandukuni. Basi Bi Utting, mke wa mwenye kiwanda cha bia, akaalika watu waje waione picha yake mpya. Bi Purdy, mke wa mfanyabiashara wa sufu, akaenda, akatazama, akaiva uso. Ulikuwa mshipi ule ule alionao yeye kwenye picha yake nyumbani, fundo lile lile, mpaka kidoa karibu na ncha, ambacho Bwana Pallant, mtu mwaminifu wa macho, alikichora kote kuwili. Na si mshipi tu. Mikono nayo ilikuwa ile ile, imewekwa vile vile. Mabibi wale hawakusalimiana mpaka Pasaka. Bwana Purdy ndiye aliyezidi kuharibu, maana alisikika akisema kiuno cha Bi Utting ni cha kupigiwa mfano, na Bi Utting mwenyewe alikuwa mtu wa kuingia mlangoni kwa upande.

"Bwana Purdy kanisifu kiuno mbele ya mkewe," Keziah alimwambia baba yangu, "nami niko nyumbani naosha vyungu. Asiyekuwapo na lake halipo, watu husema. Langu mimi lilikuwapo."

Baba yangu alikuwa Barnabas Goulder, mwoka mikate, na tanuri hili ninalolitumia ni lake. Kwetu Jumapili watu hawapiki. Wakienda kanisani humwachia mwoka mikate sahani zao, nyama na viazi au matonge ya unga, na wakitoka ibadani huzichukua zimeiva. Keziah alikuwa mwaminifu zaidi kwa sahani kuliko kwa ibada, na hivyo ndivyo alivyotujua.

Mama yangu, Lettice, alikufa kwa homa majira ya baridi, nami kimo changu bado hakijafika mezani. Baba alioka, akauza, akanivisha viatu, cha kulia mguu wa kushoto. Tukaenda hivyo. Asubuhi moja nikamwambia jambo lililokuwa linanisumbua siku nyingi.

"Baba, sura ya mama imenitoka. Naitafuta siioni."

Alikuwa ameshika lile bapa refu la mti la kutolea mikate. Hakunigombeza, na mikate ya asubuhi ile iliungua yote. Jumapili Keziah alipoleta sahani yake alimkuta amekaa juu ya gunia, watu wanapita, yeye hata hawasalimu.

"Bwana Goulder, kuna nini?"

"Mtoto amemsahau mama yake," akasema baba. "Nami sina cha kumwonyesha. Hatukuwa watu wa kuchorwa sisi."

Keziah akaweka sahani chini. "Gauni lake lipo?"

"Lipo. Lile la kijivu la harusi. Na mshipi wake."

"Basi mwili umepatikana, ndio huu hapa. Uso atautafuta Bwana Pallant, hiyo ndiyo kazi yake."

"Atautafuta wapi, Bi Keziah? Mwenyewe yuko ardhini."

"Kwani ulioa umefumba macho? Ulimwona. Dada yake naye yupo, alimwona. Nyinyi semeni, yeye achore."

Bwana Pallant alisita kidogo, akasema ana mabibi wanamngojea. Keziah akamwambia hapana shida, mabibi hao atawasimamia mke mwenza. Bwana Pallant akakubali chai yake haijapoa.

Lakini kuchora uso wa marehemu kwa kusimuliwa ni kazi ya kuwagombanisha walio hai. Mama mkubwa Rhoda, dada yake mama, alisema pua ya marehemu ilikuwa kama hii yake, akaketi ili ichorwe. Baba akasema pua ya Lettice ilikuwa fupi kuliko hiyo.

"Wewe ulikuwa ukimtazama pua?" akasema mama mkubwa Rhoda. "Ulikuwa ukitazama mikate."

"Nilikuwa nikimtazama, shemeji."

"Haya, macho yake yalikuwa ya rangi gani?"

"Ya kijani."

"Ya kijivu. Baba yetu yalikuwa ya kijivu, mama yetu ya kijivu, hata paka wetu ya kijivu. Kijani kitoke wapi?"

Bwana Pallant akachanganya kijani na kijivu, asimuudhi mtu. Kidevu akakichukua kwa binamu wa marehemu. Na kwa kuwa uso ulimtia mashaka, akajifariji kwa nguo. Keziah alisimama na gauni la kijivu la mama yangu, naye Bwana Pallant akamfunga mshipi vile alivyowafunga mabibi wote, juu kiunoni, fundo kubwa nyuma likichungulia pande zote mbili. Mshipi wa mama ulikuwa mwekundu, wekundu ule unaosifika wa watia rangi wa mji wetu, babu aliufuma kwa mikono yake, na ncha yake moja iliungua tanurini. Bwana Pallant akaona wekundu unapigana na kijivu. Akaupaka buluu, na ncha iliyoungua akaichora nzima. Hakufanya kwa ubaya. Alikuwa amezoea kuwapendezesha watu walio hai, ambao wasipopendeza hulalamika.

Picha ilipokwisha tukaenda kuiona. Alikuwa mwanamke mzuri sana yule. Baba akaniweka mikono mabegani akaniuliza, "Haya, mwanangu. Unamwona nani?"

Nilitazama kwa bidii, maana nilihisi kwenye mikono yake jinsi alivyokuwa akingoja. Nikasema, "Bibi wa watu."

Mama mkubwa Rhoda akasema mtoto huyu hajui kitu. Baba akanishika mkono. Tulitembea mpaka darajani, na hapo akasimama akayatazama maji.

"Wewe ulisema sura imekutoka," akaniambia. "Mimi yangu nilikuwa nayo mpaka asubuhi hii. Sasa nikifumba macho namwona yule wa buluu."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Siku zote nilidhani mama amenipotea mimi tu, kwa kuwa ni mdogo, na kwamba baba amemhifadhi mahali. Kumbe naye alikuwa anamponyoka, na picha tuliyoitaka imrudishe ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Asubuhi iliyofuata baba alikwenda kumwambia Bwana Pallant aifute picha ile, akanichukua kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia. Walisimama chini mlangoni wakizungumza, baba akisema futa, Bwana Pallant akisema subiri kwanza nirekebishe mikunjo ya sketi. Maskini, alidhani tatizo ni mikunjo. Nikapanda ngazi peke yangu.

Keziah alikuwa amesimama mbele ya dirisha kubwa, amenipa mgongo, amevaa gauni la mama. Nilijua ni Keziah. Nilimsikia akimsimanga mke mwenza kwamba anasimama kivivu. Lakini mwili una akili zake. Miguu ilinipeleka moja kwa moja nyuma yake, upande wa kushoto, na mkono ukainuka wenyewe kuutafuta mshipi. Sikuukuta.

"Mshipi uko wapi?" nikauliza.

"Uko mgongoni kwangu, mama, nimefungwa kama kifurushi," akasema Keziah bila kugeuka, maana alishazoea kugombezwa akigeuka.

"Si hapo. Hapa." Nikamgusa nyonga.

"Enhe. Hebu niambie."

Nikamwambia, na sikujua kwamba ninayajua. Mama hakuufunga nyuma. Fundo lilikaa kushoto, chini, kwa sababu mkono wa kulia ni wa kazi. Ncha iliyoungua aliichomeka kiunoni isije ikaingia motoni tena. Ncha ya pili aliiacha ndefu, na hiyo ilikuwa yangu. Tukienda sokoni mikono yake ilijaa vikapu, kwa hiyo aliniambia shika mshipi, nami nilishika, tukapita katikati ya watu na nguruwe na mikokoteni, yeye mbele mimi nyuma. Ndiyo maana sura sikuwa nayo. Niliyemjua mimi alikuwa mgongo.

Keziah akanisikiliza mpaka mwisho. Akalifungua lile fundo la mabibi, akaushusha mshipi, akaufunga kushoto, akachomeka ncha iliyoungua, na ile ndefu akaniachia.

"Haya," akasema, "shika mshipi. Twende sokoni."

Tukaanza kukizunguka chumba. Alipopita kando ya mwanasesere akasema, "Samaki wako wa juzi, bibi, alikuwa anamkumbuka Nuhu." Alipopita kando ya meza ya rangi akauliza, "Na hivi vitunguu ni vya kula au vya kuzika?" Nikawa nacheka. Halafu nikafanya jambo bila kufikiri, nikauvuta mshipi kidogo, mara mbili. Ulikuwa mchezo wetu mimi na mama. Akihisi nimelegea, alivuta kuniuliza kama nipo, nami nikavuta kumjibu kwamba nipo. Na nikitangulia kuvuta mimi, yeye hugeuza kichwa akanitazama. Keziah hakujua lolote kati ya hayo. Alihisi tu mtoto kavuta, akavuta kunijibu.

Ndipo sura ikaja. Keziah hakugeuka, alikuwa anatazama mbele kama alivyofundishwa. Aliyekuja ni mama, ananitazama kwa juu ya bega lake, ana unga kwenye nyusi moja na jino moja limepanda juu ya jingine. Macho yalikuwa ya kijani. Baba ndiye aliyekuwa sahihi.

Nikalia kwa nguvu na mshipi sikuuachia. Keziah akataka kugeuka anishike, na mlangoni sauti ikasema, "Bi Keziah, nakuomba. Usigeuke."

Baba alikuwa amesimama pale, na Bwana Pallant nyuma yake. Sijui walikuwa wamefika zamani au sasa hivi. Baba akakaa sakafuni taratibu, mtu mzima na aproni yake, akawa anamtazama mkewe anakwenda sokoni. Keziah alisimama ametupa mgongo, mpaka mabega yale mazuri yakaanza kutikisika. Kumwambia mwanamke asigeuze uso si jambo rahisi, ukilifikiria. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kama lilimuuma.

"Uso huu umeambiwa ukae nyuma kwa sababu nyingi za kijinga," akanijibu. "Ile ndiyo sababu pekee niliyoikubali."

Bwana Pallant naye nimpe haki yake. Alichukua kisu akaukwangua uso ule wote, pua ya mama mkubwa Rhoda na kidevu cha binamu, akachora upya. Akachora mgongo. Gauni likawa la kijivu kama lilivyo, mshipi mwekundu kama ulivyo, fundo kushoto, ncha iliyoungua imechomekwa, na ile ndefu inashuka inakuja mbele mpaka ukingoni mwa picha, kama kwamba anayeishika yuko huku nje kwetu. Kichwa kimeinama kidogo upande, kiasi cha kuonyesha sikio na ukingo wa shavu. Ndio basi.

"Nani aliona picha ya mtu kisogo?" akasema mama mkubwa Rhoda. "Watu watadhani aliondoka amenuna."

Halafu akainama karibu, akaona kitu kwenye ule ukingo wa shavu, akataka kisahihishwe mara moja. Baba akainama naye, akatazama kwa muda.

"Acha," akamwambia Bwana Pallant. "Ndiye aliyesimama."

Picha ikatundikwa kwa kimo changu cha siku ile, ili nikipita niishike ile ncha. Nilipita mara nyingi. Nikakua, picha ikabaki pale pale, na kila mwaka nikawa nainama zaidi.

Watu wa mtaa walingoja baba amwoe Keziah. Walingoja mpaka wakazeeka, maana mwanamke ambaye mumewe hajulikani yu hai au amekufa, kanisa halimwozeshi mwingine, na Keziah hakutaka kumtangaza mtu amekufa ili apate kula harusi. Alikuja Jumapili na sahani yake, akabaki kuila kwetu. Baba alikuwa akimkatia ukoko wa mkate, sehemu nzuri kuliko zote, mbele ya wateja, wala hakujali wanasema nini. Na Keziah, aliyekuwa akivaa aproni tupu kama wapiga pasi wote, alianza kujifunga mshipi. Alijifunga kushoto, ncha moja ndefu. Hakuniambia kwa nini, wala sikumuuliza. Siku ya soko nilishika, tukaenda, akigombana na wauza samaki wa kweli.

Nampenda yule mwanamke, nalisema waziwazi kwa kuwa sasa hawezi kunicheka. Alinilea kwa mdomo wake mchafu na mikono yake safi. Mtindo wa mishipi ulipopita na mabibi wakaanza kuvaa vingine, Bwana Pallant naye akawa amekwenda zake kaburini, Keziah akarudia pasi, mpaka macho yakaanza kufifia. Miaka hii ya mwisho alikuwa haoni kabisa. Baba hayupo. Nilimleta akae nami hapa nyuma ya tanuri, penye joto.

"Nipeleke sokoni," alikuwa akisema. "Nikawatukane kidogo, wasije wakadhani nimekufa."

Mikono yangu ilijaa vikapu, basi nilijifunga mshipi, kushoto, nikamwambia shika. Alishika, yeye nyuma mimi mbele. Vijana wa sokoni walicheka, na mimi nina ulimi, niliwajibu. Nikihisi amelegea navuta, naye anavuta. Jumatatu hii alikuwa kitandani, kinywa kimekwisha maneno, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Niliingia kumwambia kwamba mikate imetoka. Nikamwekea ncha ya mshipi mkononi, nikavuta kidogo, mara mbili, kama kawaida yetu. Alivuta mara moja.

Sasa, mke wa kasisi, ukija kesho kununua mkate wako mweupe, nitakupa na mshumaa. Inama pale kwenye pipa la unga. Usijali gauni, unga hupanguswa. Utaona ncha ya mshipi haina tena rangi, imeliwa na vidole. Hapo ni pangu, usipaguse. Ule mgongo ni wa mama yangu, nao ni wa Keziah, na mimi nimeishi nao wote wawili bila kuwagawa. Kisha leta mshumaa juu kidogo, kwenye shavu. Bwana Pallant alikuwa mtu mwaminifu wa macho. Mama yangu alikufa na ngozi laini, na pale pana vitundu viwili vya ndui.